Kinyama Tulichokizika Nyuma ya Nyumba

Titi langu la kushoto halipo. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkalitafuta huko mbele. Lilikatwa, jeraha likapona, nikatiwa dawa zilizonipukutisha nywele mpaka nyusi, na leo nipo, nachambua karafuu na wenzangu na nagombana na kuku wa jirani kama zamani. Naandika kwa sababu haupiti mwezi ila mwanamke mmoja anakuja ukumbini kwangu, anazunguka na maneno ya mvua na ya muhogo ulioliwa na panya, halafu anashusha sauti: "Bi Riziki, na mie kuna kitu nakigusa." Kusimulia kwa mdomo kumenichosha, na kila nikisimulia nasahau kipande.

Nimesoma mpaka darasa la tano, hapa hapa Ole, Pemba. Maneno ya kidaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachokijua ni mabenchi ya kungojea, na watu. Na watu nitawataja. Nimeambiwa si vizuri kuwataja watu wa nyumbani. Sawa, lakini na waliyonifanyia hayakuwa mazuri.

Wa kwanza ni Faki. Faki ni mtoto wa wifi yangu, Bi Time, dada yake mume wangu Hamad. Alisomea mambo ya dawa huko bara, akarudi akafungua chumba cha tiba Jadida, mjini Wete, chenye kitanda kimoja na pazia la kijani. Ukoo mzima tukimwita dokta, na yeye hakuwahi kutukataza. Ukiumwa jino, Faki. Mtoto akiharisha, Faki. Kwenda kwa mwengine ilikuwa kama kwenda kuomba chumvi kwa jirani na kwako gunia limejaa.

Kile kitu nilikigusa msimu wa karafuu. Wingu lilikuwa linakuja, nimeinama nakusanya karafuu kwenye jamvi mbio mbio, mkono ukapita ubavuni mwa titi, nikakuta mfano wa kokwa ya zambarau. Hakikuuma. Ndiyo maana nilikaa nacho mpaka karafuu zote zikauka. Kinachouma unakipeleka mbio, kisichouma unakipa nafasi ya kukaa kitako.

Faki alikishika kwa vidole viwili, akacheka.

"Mafuta tu haya, mkaza mjomba," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa kuwa ni mke wa mjomba wake. "Nayatoa sasa hivi, na leo leo unarudi kupika."

Akanidunga ganzi, akakata, akashona. Kweli nilirudi siku ile ile, ingawa sikupika.

Bi Time ndiye aliyenisindikiza. Faki alipokitia kile kinyama kwenye chupa ya mdomo mpana, mama yake akainuka kitini.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Kinatakiwa kipelekwe Unguja, mama, kikatazamwe."

"Na nani?"

"Na wataalamu. Kwa mashine."

"Mwili wa mke wa kaka yangu ukatazamwe na wanaume wa Unguja, kisha utupwe jaani? Kiungo cha Mwislamu kinazikwa, Faki. Nimekusomesha mpaka umesahau na hilo?"

Faki alinitazama mie, akaitazama chupa. Kisha akasema neno ambalo nitamdai nalo kesho mbele ya Mungu. "Haya chukua, mama. Ni mafuta tu, hayana la kutazamwa."

Alijua. Bi Time hakujua, mie sikujua, lakini yeye alijua chupa ile inakwenda wapi na kwa nini. Aliona tabu kubishana na mama yake kwa ajili ya mafuta.

Tukakizika. Mnaosoma kutoka mbali msicheke. Kwetu hata kitovu cha mtoto kina mahali pake, seuze nyama ya mtu mzima. Bi Time alikiosha, akakifunga kwenye kipande cha bafta nyeupe. Hamad akachimba nyuma ya nyumba, akasema bismillahi, akakiweka. Nilisimama mlangoni nimejishika jeraha, nikamwona mume wangu amechutama anasawazisha udongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilimpenda siku ile. Nalisema hilo mapema kwa kuwa zamu yake ya kutajwa inakuja.

Masika yalipoingia, kovu lilikuwa limefunga lakini linavuta kwa ndani, ngozi imekunjana kama mdomo wa mzee asiye na meno. Halafu kikatoka kingine kwapani. Hiki kilikuwa kigumu na hakisogei. Faki akanipa vidonge, vikaisha. Akanipa sindano, zikaisha. Kila nikienda nakaa kwenye benchi lake pamoja na watoto wenye mafua, nakoholewa, na kila nikitoka nimeambiwa lile lile, kwamba ni jeraha linajijenga. Usiku nalala upande mmoja. Mkono wa kushoto ukaanza kuwa mzito, pete ikanibana, nikaivua kwa sabuni.

Nikamwambia Hamad nataka daktari mwengine anitazame. Hakusema la wala ndiyo. Alimwita dada yake, na dada yake akamwita Faki, wakaja wote kukaa ukumbini kwangu kunijadili. Mie nilikuwa jikoni nikichemsha chai ya kuwanywesha.

"Wifi," Bi Time akaniita kutoka kule ukumbini, "ukienda kwa mwengine watu watasemaje? Watu wa kwao hawamuamini, nani mwengine atamuamini? Utamfungia mtoto riziki yake."

"Mie sina haja na riziki ya Faki," nikasema. "Nataka kujua nina nini."

"Si kakwambia?"

"Kaniambia yeye. Nataka aniambie na mwengine."

"Weye Riziki una wasiwasi toka zamani. Hata udhu unatia mara mbili."

Wakacheka. Faki alicheka zaidi, kicheko cha mtu aliyeokolewa. Nikawapelekea chai. Hamad hakucheka, lakini hakunisemea pia. Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa, kisha akasema, "Tusubiri mfungo upite." Basi huyo ndiye wa tatu, mume wangu Hamad, namtaja kwa kunyamaza. Faki kwa kusema uongo, Bi Time kwa kunifunga mdomo, Hamad kwa kukoroga chai. Nilifunga Ramadhani nzima na kile kitu kwapani, na kila nikisujudu kinanibana.

Hapo sasa anaingia mtu ambaye sikumtarajia. Mize ni mke mwenzangu. Hamad alimuoa watoto wangu wakiwa wameshakuwa wakubwa, akamjengea upande wa pili wa uwanja. Miaka yote hiyo mazungumzo yetu yalikuwa sabalkheri na masalkheri. Akipika kitu kizuri, harufu inafika kwangu, sahani haifiki. Na yangu haikufika kwake.

Baada ya Idi nilikuwa naanika nguo kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa hauinuki tena. Mize akavuka uwanja, akanipokea kanga, akaitundika. Akatundika na nyengine, mpaka beseni likaisha. Ndipo aliposema, macho yake yakiwa kwenye kamba:

"Bi Mkubwa, hicho cha kwapani nimekiona."

"Umekionea wapi?"

"Ulipokuwa ukitwanga. Nguo ilifunguka." Akanyoosha ukosi wa shati la Hamad. "Marehemu mama alikuwa nacho."

Nikajivutia kanga begani.

"Yeye alitibiwa na mtu mmoja tu mpaka mwisho," akasema. "Tulimuamini sana yule mtu."

"Hamad hajanipa ruhusa ya kwenda Unguja."

"Kwani weye unaomba ruhusa ya nini? Mie nitamwambia nnakwenda kumtazama dada yangu Unguja, na nataka Bi Mkubwa anisindikize. Nani atakataa? Watachinja kuku kwa furaha kuwa tumepatana."

Nilicheka mara ya kwanza tangu mvua zianze. Na ilikuwa kama alivyosema. Hamad alituangalia mmoja baada ya mwengine kama aliyeona paka na panya wanakula sahani moja, akatoa ruhusa kabla Mize hajamaliza. Nauli ilitoka kwa mbuzi wa Mize. Mpaka leo hataki tulizungumze hilo, nami nalitia hapa ili asiweze kulikanusha.

Hospitali kubwa ya Unguja ina ukumbi wa kungojea wenye mabenchi ya chuma, baridi asubuhi, moto mchana. Nawaambia mapema mwende na kanga ya kukalia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa kisiwa cha Makoongwe, mweusi, mnene, anamenya machungwa na kugawa kwa kila aliyekaa karibu. Aliniuliza nimekuja na nini, nikamwambia kwa aibu kwamba nina daktari wangu nyumbani ila nimekuja kumuuliza mwengine.

"Aibu ya nini?" akasema. "Mie watu wangu wavuvi. Samaki akiletwa hata na mume wangu mwenyewe, namfunua mashavu kabla ya kumtia chunguni. Mume hakasiriki. Anajua sijamfunua yeye, nimemfunua samaki." Akanipa chungwa. "Kula. Humo ndani hawakupi kitu ila sindano."

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na kabla hajanigusa aliniomba radhi kwa baridi yake. Hamjui neno dogo kama lile linavyomfaa mtu aliyezoea kushikwa shikwa bila kuulizwa. Mize alisimama kichwani kwangu amenishikia buibui. Daktari akagusa kovu, akagusa kwapa, akarudi kwenye kovu.

"Kilichotolewa hapa, majibu yake yako wapi?"

"Hayapo."

"Basi chenyewe kiko wapi?"

Mize akanitazama. Nikasema, "Tumekizika."

Hakucheka. Alikaa kitini, akasogea mpaka magoti yake yakakaribia yangu.

"Mama," akasema, "kile kinyama ndicho kilichokuwa kinajua una nini. Aliyekitoa na mie ninayekushika hapa, sote tunakisia tu."

Mize alitoka nje akampigia simu Hamad, akamwambia yote, uongo wetu na ukweli wetu pamoja. Nilingoja agombe. Kumbe alikata simu akaenda kuchukua jembe. Kesho yake asubuhi akanipigia mie.

"Nimefukua, mama Shaame," akasema. "Nimekuta kitambaa tu. Kitambaa na udongo."

"Sasa hata ungekikuta, kingefaa nini miezi yote hii?"

"Sijui. Nimeona nisikae bure."

"Dada yako kasemaje?"

"Kaja kasimama juu yangu, kasema nafukua kaburi. Nikamwambia ashike jembe au aondoke." Kisha nikasikia pumzi zake zinakatika. Hamad hakulia alipokufa baba yake. Nikawa mie ninayembembeleza, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, nguo yangu ina harufu ya dawa ya hospitali. "Basi," namwambia. "Basi, baba Shaame. Osha mikono, unywe chai."

Daktari alichukua kinyama kingine, safari hii kutoka kwapani, akakitia kwenye chupa mbele ya macho yangu na kunionesha jina langu ubavuni. Tukangoja kwa dada yake Mize. Upepo ulikuwa umegeuka, asubuhi za kipupwe, mimi na mke mwenzangu tunalala kitanda kimoja kwa kukosa nafasi. Yeye anakoroma. Naliandika hilo kwa kulipiza lile la mbuzi, kwa kuwa anasema mie ndiye ninayekoroma.

Majibu yalipokuja yalikuwa yale. Mnajua lile neno. Kwetu hulitaji, unasema "ule ugonjwa." Daktari alilitaja, saratani, polepole, mara mbili, akangoja. Kisha akasema titi lote litoke haraka, na dawa zifuate.

Na hapa ndipo nilipokaribia kufa, kwa simu wala si kwa ugonjwa. Bi Time alipiga, akampa Faki.

"Mkaza mjomba, usikubali kisu," Faki akasema. "Ule ugonjwa ukiguswa na chuma unakasirika, unatawanyika. Tazama mie nilivyokugusa kidogo tu, ukaruka kwapani."

Nilitaka kumwuliza, kama ulijua chuma kinaukasirisha, mbona ulikitia. Lakini hofu nayo ina masikio yake, ikamsikiliza yeye. Bi Time akachukua simu akasema yuko mtu anachemsha mizizi, watu wamepona, nirudi nyumbani nikafe, akajisahihisha, nikapone, kwenye kitanda changu.

Nililala na maneno yale. Msinione shujaa. Nilimuogopa Faki, na nilimuogopa na yule daktari mwenye mikono baridi. Mmoja kaniambia mafuta kwa uhakika, mwengine ananiambia saratani kwa uhakika, na mwili ni ule ule mmoja. Faki naye alikuwa na koti jeupe. Titi likishatoka halirudishwi, na nikikataa, nikingoja tena, kile cha kwapani hakingoji. Nikamwambia Mize, "Na huyu naye nataka nimuulizie kwa mwengine."

"Ndivyo," akasema Mize. "Mfunue mashavu."

Nikaingia kwa daktari nimejitayarisha kutukanwa. Nikasema usinione mjeuri, mwanangu, lakini ninataka na mwengine anitazame kabla sijakubali kukatwa. Akafungua mtoto wa meza akatoa kijisanduku. Ndani mlikuwa na vioo vyembamba, na kwenye kila kioo kidoa cha rangi ya waridi.

"Hiki ndicho kinyama chako," akasema. "Tunaweza kukisoma watu kumi na kisiishe. Nenda nacho Dar es Salaam. Na usiwaambie nimesema nini, waache wasome wenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa hasara ya lile shimo la nyuma ya nyumba. Nilikuwa nadhani tumezika kipande cha nyama. Tulikuwa tumezika kitu ambacho kila mwenye macho ya elimu angeweza kukitazama akanijibu, na mie ningekuwa nimejibiwa tangu kabla ya mvua. Nililia palepale, na daktari alidhani nalilia titi.

Mize alivipakata vile vioo ndani ya boti kama mayai. Kijana mmoja alimkanyaga mguu, akaambulia maneno ambayo sitayaandika.

Dar es Salaam daktari alikuwa mzee wa kiume, mkimya, miwani imefungwa kwa uzi. Sikumwambia kitu. Aliondoka na vioo, tukangoja siku kadhaa kwenye mabenchi mengine, ya mbao haya, afadhali. Aliporudi alisema ni saratani na titi litoke. Yale yale. Lakini akaongeza lake, kwamba kisu kisitangulie. Dawa zianze, uvimbe unywee, ndipo nikatwe. Nikamwambia sasa mwenzako kasema kinyume. Akampigia simu mbele yangu. Wakazungumza, wakabishana kwa adabu, huyu anasema, yule anajibu, mpaka yule binti wa Unguja akakubali dawa zitangulie. Hakuna aliyesema amevunjiwa heshima. Nilikaa nikawasikiliza na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza, kwa sababu walikuwa wananibishania mie, siyo jina lao.

Dawa ile ya kwanza ni nyekundu kama juisi ya rozela, na baada yake mkojo nao unatoka mwekundu, msishtuke kama nilivyoshtuka. Kinywa kinakuwa na ladha ya msumari. Kucha zinapiga weusi. Nywele zilianza kutoka nikiwa nimesharudi Ole kupumzika kati ya dawa moja na nyengine; niliamka asubuhi nikaona mto umevaa nywele zangu kama ushungi. Mize akaja na wembe na maji ya vuguvugu. Alininyoa uwanjani, juani, kipande kwa kipande, na alipomaliza akanipaka mafuta ya nazi kichwa kizima.

"Una kichwa kizuri," akasema. "Ungeolewa nacho, Hamad asingenifuata mie."

Msimu wa karafuu ukafika tena, na hilo sikulifikiria. Harufu ya karafuu nilizaliwa nayo, lakini dawa ilinigeuza. Nikiivuta tu natapika mpaka nyongo. Na Pemba wakati ule utaikimbilia wapi? Kila uwanja una jamvi. Hamad hakuniambia kitu. Asubuhi moja nilitoka nikakuta uwanja wetu mtupu, umefagiwa. Karafuu zote alikuwa anazibeba kichwani mpaka kwa rafiki yake ng'ambo ya bonde, anazianika huko, na mvua ikitisha anakimbia njia yote kwenda kuzianua. Majirani walimcheka kwamba karafuu zake zimepewa talaka. Akirudi, anaoga kwanza na kubadilisha nguo ndipo anaingia kwangu. Harufu ya jirani ilikuwa bado inakuja, ndiyo, isingeweza kuzuiwa. Lakini ya kwetu haikuwemo. Kwa hilo nilimfutia nusu ya lile la chai. Nusu nyengine bado naitunza.

Vuli nilikatwa, Unguja. Siku ya kuweka saini, karani wa hospitali alimpelekea Hamad kalamu, kama kawaida. Akaishika, akaitazama, akaisukuma kwangu. "Mwili wake," akamwambia karani. "Na kauliza kuliko mie." Nikaandika jina langu kwa herufi zangu za darasa la tano, kubwa kubwa, mpaka likatoka nje ya mstari.

Titi lilikwenda kusomwa kwanza, na kilichobaki Hamad akakabidhiwa, akakizika huko huko, kwa bafta na bismillahi. Kumbe yote mawili yanawezekana. Kulikuwa hakuna haja ya kuchagua kati ya dini na majibu. Wewe unayesoma haya na umeitwa kukatwa kitu, hata kidogo, hata cha mafuta, uliza kinakwenda kusomwa wapi, na waambie mabaki mtayachukua. Na akikwambia hakuna haja, vaa viatu uende kwa mwengine. Kama atanuna, anune. Mnuno wake utapona.

Nilizinduka nikiwa na mirija, nikapeleka mkono, nikakuta bapa. Sikulia siku ile. Nililia nyumbani, miezi baadaye, nilipokuwa nakunja nguo nikakuta blauzi yangu ya zamani imefumuka upande wa kushoto tu. Mize akanishonea mfuko wa kanga, akautia sufi, nikauvaa kwenda harusini. Katikati ya ngoma ukapanda mpaka begani. Mize alinivuta nyuma ya mlango tukacheka mpaka tukakaa chini, na mama wa bibi harusi akaja kuuliza kama tunalia.

Nywele zimerudi, za kipilipili zaidi kuliko mwanzo. Mkono unavimba nikitwanga, kwa hiyo sitwangi. Kila baada ya muda narudi Unguja kutazamwa, na yule daktari bado ana mikono ya baridi. Mara ya mwisho alisema hajaona kitu. Nikamwambia, na mwengine anitazame. Akacheka, akamwita mwenzake.

Sasa, kwetu mwezi wa Ramadhani ukikaribia watu hupita nyumba kwa nyumba kuombana radhi. Unabisha hodi, unasema tusameheane tulipokoseana, mwenyeji anasema tumesameheana, unakunywa maji, unakwenda nyumba ya pili. Bi Time hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku Hamad aliposhika jembe. Safari hii alikuja. Amezeeka, amejitanda buibui la kutokea, jasho linamtoka.

"Wifi," akasema kabla hajakaa, "mwezi huo unaingia. Tusameheane tulipokoseana."

Nikamwambia, "Karibu ukae."

Akakaa. "Hujaitikia."

"Unataka nikusamehe lipi, wifi?"

"Yote. Ndivyo inavyosemwa."

"Yote siyajui. Litaje lako."

Mize alikuwa uwanjani anapepeta mchele, nikasikia ungo umesimama. Bi Time alitazama mlango, akatazama mikono yake. Nilidhani atainuka aende, na nilijitayarisha kutomzuia. Alikaa. Nilipomwangalia nikaona midomo inatikisika kama ya mtu anayesoma kimoyomoyo.

"Nilikichukua mkononi mwa daktari," akasema mwisho, "na nisingekichukua ungejua mapema. Kisha nikakucheka. Nilimuonea fahari mwanangu kuliko nilivyokuonea huruma weye." Akaishiwa na pumzi. "Ndilo hilo."

"Ndilo," nikasema. "Hilo nimekusamehe."

Akaanza kulia, na akanyoosha mkono bila kuomba, akauweka palipokuwa titi, juu ya nguo. Nikamwacha. Mkono wake ulikuwa wa moto na mzito, mkono ulioniogesha arobaini ya uzazi wangu wote. Tukakaa hivyo. Mize akaleta maji, akayaweka, akatoka kimya.

Bi Time alipokwisha kunywa akafuta uso kwa ncha ya buibui, akauliza bila kunitazama, "Na Faki je?"

"Faki ana miguu," nikasema. "Na Jadida si mbali. Aje alitaje mwenyewe."

Ramadhani ikaingia, ikatoka, tukala Idi. Nasikia siku hizi chupa zake anazipeleka Unguja, na kama ni kweli, Mungu amlipe kwa hilo. Kwangu hajaja. Mlango naufungua alfajiri na siufungi mpaka isha, na njia anaijua.